Kifaransa cha Baba Asteria

Mimi simwamini mtu anayenisaidia bila kuniomba kitu. Nikibebewa ndoo na mtu nisiyemjua, nikifika nyumbani naangalia kwanza kama kuku wangu wametimia. Kwa hiyo siku mwanangu Denis alipomwekea baba yake kwenye simu kitu cha kusahihisha Kifaransa, nilimuuliza swali moja tu.

"Na chenyewe kinapata nini?"

"Hakipati kitu, mayu," Denis akajibu. "Ni akili mnemba. Unaipa maandishi yenye makosa, inakurudishia yaliyonyooka."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Basi kuna kitu inachukua, ila wewe hujakijua."

Denis akacheka. Anauza simu na chaja pale stendi ya Ushirombo, na watu wa biashara hiyo huniudhi kwa jinsi wanavyocheka upesi. Baba yake naye akacheka. Nikawaacha na simu yao, nikaenda kupeta mchele, lakini masikio niliyabakiza pale pale.

Mtu anaweza kushangaa Kifaransa kinatafuta nini katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Mume wangu, Deusdedit, ujana wake wote alikuwa dereva wa mapadre Wazungu pale misheni. Mezani wao kwa wao walizungumza Kifaransa, na yeye alikidaka kwa masikio tu, mpaka akawa anabishana nao kuhusu matairi. Kukisema anakisema vizuri. Kukiandika hajafundishwa na mtu. Anaandika kila neno vile anavyolisikia, kama anaandika Kiswahili, na akisomewa sentensi ndefu anaelewa vipande vipande kisha anajaza mwenyewe kilichobaki.

Kifaransa hicho kingekufa naye kama si binti yetu wa kwanza, Asteria. Alikwenda kupikia wachorongaji, wale wanaotoboa miamba kutafuta dhahabu, kule upande wa Kharumwa, na mmoja wao, Lazare, kijana wa Burkina Faso, akala wali wake mpaka akataka kumwoa mpishi. Mkatoliki, mpole, hana pombe. Nilimtilia shaka muda mrefu, nikakosa cha kumshika nacho. Wakafunga ndoa hapa parokiani, akaenda naye kwao.

Baba yake Lazare, Mzee Anselme, alifunga safari mwenyewe kuja kuposa. Ni mtu mrefu mwenye masikio yaliyokufa kwa baruti za migodi ya kwao. Hasikii hata ukipiga ngoma begani kwake, ndiyo maana mpaka leo hapigiwi simu, huandikiwa. Siku ile ya posa tulimwandalia mezani, wazee wa ukoo wamejipanga, kimya cha heshima kimetanda. Yeye akaangalia ugali, akasema kwa sauti kubwa ya viziwi, Kifaransa kitupu: "Hiki ndicho mnachowalisha watumwa wenu?"

Mume wangu ndiye pekee aliyeelewa. Nilimwona akitetemeka mabega, nikajua mahari imeharibika. Kumbe anacheka. Akachukua karatasi, akamwandikia: "Watumwa tunawapa nyama. Ugali ni wa wageni wasiojua kuoga." Mzee Anselme akaisoma kwa tabu, akapiga meza mpaka mchuzi ukamwagika. Kwao, akaeleza, kuna kabila wanalotaniana nalo kwa matusi hayo hayo, hadi msibani. Mume wangu akamwandikia kwamba na sisi tunao watani wetu, tunawajua. Basi wakatangazana kuwa watani, hapo hapo, mbele ya ng'ombe wa mahari.

Mimi sikupenda. Mkwe ni mtu wa kuogopwa. Mama yangu hadi anakufa hakuwahi kula na mkwe wake chumba kimoja. Nikasema na wazee wakasikia: "Mtani ni mtani, mkwe ni mkwe. Mkichanganya, atakayelia ni binti." Wakaniambia nina roho ya polisi.

Tangu hapo wale wazee wawili waliandikiana. Na kwa kuwa Asteria tukimpigia ana neno moja tu, "Niko salama, mama," basi habari zake za kweli tulizipata ndani ya matusi ya mkwe. Akiandika, "Njoo umchukue binti yako mlafi, amemaliza mihogo," tulijua ana afya. Akiandika, "Mwanamke huyu amefundishwa kununa na nani?" tulijua amechoka. Deusdedit alinitafsiria kila kitu huku akifuta machozi ya kicheko. Nilikuwa nanuna, lakini kila jioni mimi ndiye niliyeuliza kama simu imelia.

Sasa, Denis akaona aibu. Alisema Kifaransa cha baba yake kinamfanya Asteria adharauliwe ukweni, kwa sababu kule wapo wasomi na ujumbe unazunguka kwenye simu zao. Akaiandikia ile akili mnemba agizo, baba yake akawa anabandika maandishi chini yake: sahihisha tahajia na sarufi, na kiwe Kifaransa kizuri cha heshima, maana anayeandikiwa ni mkwe. Kwa neno hilo la heshima nilimuunga mkono. Nikasema angalau mmoja humu ndani anakumbuka mkwe ni nani, hata kama ni mashine.

Basi habari mbaya ikaja. Asteria alikuwa na mimba, ikaharibika. Ilikuwa ya pili kuharibika. Nilimpigia, akasema, "Niko salama, mama, ni mapenzi ya Mungu," simu ikakatika. Nikailaumu mitandao. Deusdedit alikaa kwenye kigoda akishikilia simu, akifuta na kuandika. Wanaume wale hawakuwa na njia nyingine ya kupeana pole. Hatimaye akaanza kutabasamu, akanisomea kwa Kiswahili alichoandika:

"Wewe kiziwi mla panya, mwanangu amekonda kwako, hata kulisha watu hujui. Nirudishie binti yangu, na mimi nikurudishie ng'ombe wako. Yule mkondefu nitamleta mgongoni, maana akitembea atafia njiani kama akili zako."

"Baba Asteria!" nikasema. "Ng'ombe wa mahari hawataniwi." Huku kwetu ukimwambia mkwe njoo uchukue ng'ombe wako, umevunja ndoa. Hakuna neno lingine linalohitajika.

"Ndiyo maana inachekesha," akasema. "Atajua nampa pole."

Akaipitisha kwenye ile akili mnemba. Maandishi yalikwenda mafupi, yakarudi marefu, yamejipanga kama tangazo la serikali. Nilisimama nyuma yake nikachungulia. Kifaransa sikijui, lakini kimo nakijua.

"Mbona imerefuka?"

"Kifaransa cha heshima ni kirefu."

"Kitu cha kusahihisha hakiongezi. Kimeongeza nini?"

"Mama Asteria, acha." Hakuwa hata na miwani. Aliona jina la mkwe juu na la kwake chini, akatuma.

Mzee Anselme, ambaye kwa kawaida hujibu kabla chai haijapoa, hakujibu. Siku ikapita na nyingine ikapita. Jibu lilipokuja, Deusdedit alilisogeza mbali na macho, akalirudisha karibu.

"Anasema, 'Mheshimiwa, ombi lako limefika. Nitazungumza na mwanangu.'"

"Na tusi?"

"Halipo."

"Limekwenda wapi?"

Akafikiri. "Hili nalo ni tusi. Ananiita mheshimiwa. Mimi, mheshimiwa! Naye amewekewa mashine, sasa ananitania kizungu."

Akafurahi kabisa, akamwonyesha na katekista. Mimi sikufurahi. Mtu aliyekuita mla ugali tangu posa, leo anakuita mheshimiwa, kuna kitu anakificha nyuma ya hilo neno. Nilianza kuwashuku mmoja mmoja. Nilishuku kwamba Mzee Anselme amefariki na anayeandika ni mwingine. Nilishuku kwamba Lazare anatafutiwa mke wa kuzaa, na baba yake anaona haya kututukana. Nilimshuku Denis, nikamwendea mpaka kibandani stendi, nikamwambia mbele ya wateja anionyeshe hiyo akili mnemba inapeleka wapi maneno ya familia yetu. Akaniambia haipeleki popote. Nikamwambia hata umbeya huanza hivyo hivyo.

Nikampigia Asteria. "Huko kuna nini?"

"Niko salama, mama."

"Mkwe ni mzima?"

"Mzima."

"Lazare?"

"Yuko porini kwenye mitambo. Mama, tutaongea."

Mtu asiye na neno haahidi kuongea. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Nilifikiri juu ya kila mtu aliyezunguka maisha ya mwanangu, nikamtilia kila mmoja alama yake.

Kisha, asubuhi moja naanika mpunga, simu ikalia. Namba ya hapa hapa nchini. "Mama, ni mimi. Niko Kahama, napanda gari la kuja Ushirombo."

Furaha iliniruka kifuani, na mara ile ile ikasimama. Binti anayetoka Burkina Faso kuja kusalimia husema mapema, watu wakachinja. Huyu ametangazia Kahama.

Denis alimpokea stendi akamleta kwa bajaji. Nilimkumbatia, nikamkuta mifupa. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mizigo. Mabegi makubwa mawili, na juu yake mto wa kulalia umefungwa kwa kamba. Nikamsaidia kufungua. Nguo za joto, nguo za kanisani, cheti cha ubatizo, na chini kabisa pasi ya umeme. Hakuna anayekuja kusalimia wazazi na pasi.

Deusdedit akaingia kutoka shamba, matope magotini, uso mzima unacheka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Umekuja kututembelea bila hata ya taarifa?"

Asteria akamtazama baba yake, akanitazama mimi. "Si mliniita?"

"Nani alikuita?"

"Baba, uliandika nirudishwe." Alitoa simu yake. "Baba mkwe alimpa Lazare, Lazare akanitumia mimi nisome mwenyewe." Naye siku hizi Kifaransa anakisoma, akatusomea kwa Kiswahili, sauti ya chini:

"'Mheshimiwa. Nimesikitishwa na hali ya binti yangu, ambaye afya yake imedhoofika akiwa chini ya uangalizi wenu. Naomba kwa unyenyekevu mnirudishie binti yangu. Kwa upande wangu, nitarudisha ng'ombe wa mahari, na aliye dhaifu nitamsafirisha kwa gharama yangu. Pokea heshima zangu za dhati. Deusdedit.'"

Denis alichukua simu ya baba yake, akatafuta yale maandishi ya mwanzo, akayaweka kando ya yale yaliyosahihishwa. Kiziwi hayupo. Mla panya hayupo. Akili za kufia njiani hazipo. Mashine ilikuwa imeokota matusi yote, moja moja, kama mtu anayechambua mchele, na kilichobaki kwenye ungo kilikuwa talaka.

"Mimi niliiambia iwe na heshima," Denis akasema. Safari hii hakucheka.

"Mashine imemwachisha mtu mume," nikasema, "na ninyi mlikuwa mnashangilia herufi." Nilijiona nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na huko kuwa sahihi hakukunisaidia kitu.

Deusdedit alikuwa amekaa chini, mkono kinywani. "Anselme amekaa muda wote huu akidhani nimemkana," akasema. "Ndiyo maana ameniita mheshimiwa. Maskini mzee wa watu." Akainuka ghafla. "Nipe simu. Naandika mwenyewe."

Akaandika kwa kidole kimoja, kwa Kifaransa chake cha masikio, bila kukipitisha popote. Alimwambia mkwe kwamba yeye ni gogo lililooza, kwamba aliyeandika ule ujumbe wa heshima ni mashine ya mwanawe mjinga, na kwamba mzee yeyote anayeamini Deusdedit anaweza kuwa na adabu anastahili kunyolewa kwa panga. Akasita. "Ataamini? Atasema na hii ni mashine."

Hapo nikafanya jambo ambalo mama yangu angelifufukia. Nikasema, "Ongeza na langu. Mwambie Mama Asteria anasema hivi: nilimwona siku ya posa akificha mnofu mfukoni, na kanzu yake nikaifua mimi, na mafuta mpaka leo hayajanitoka mikononi." Sijawahi kumtania mkwe maishani mwangu. Nilihisi aibu mpaka shingoni, lakini ndoa ya mwanangu ilikuwa inaning'inia, na kama tusi ndiyo kamba iliyopo, basi nalivuta.

Deusdedit akatuma. Tukaizunguka ile simu sote. Chai haikupata hata kumiminwa, jibu likaingia, nalo lilikuwa na makosa ya kila aina, maana Deusdedit alilisoma akikwama kila neno na machozi yanamtoka:

"Mbwa wewe! Chakula kilikuwa hakinipiti kooni, nikijiuliza nimekukosea nini. Ng'ombe wako siwataki, wana uvivu wa kwenu. Huo mnofu niliuficha kwa sababu mkeo hajui kupika, nilitaka kumwonyesha daktari. Lazare anatafuta tiketi ya yule binti leo hii, kabla hamjamharibu kwa ugali."

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka mpaka jirani akachungulia uani. Denis aliegemea ukuta akicheka, baba yake akapiga paja, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu ndoa imepona na nimeweka tusi langu ndani yake. Nikageuka kumwambia Asteria arudishe pasi begini.

Asteria alikuwa amekaa juu ya begi lake, ameukumbatia ule mto.

"Mama," akasema, "mimi niliposoma ule ujumbe, nilifurahi."

Vicheko vikaisha kimoja baada ya kingine.

"Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha. Nikasema, wameniona. Lazare anaishi porini na mitambo yake, anakuja kama mgeni. Mimba zote mbili zimetoka nikiwa peke yangu ndani, sijui hata neno la kilugha chao la kuita jirani. Halafu baba mkwe anakuja na simu, anacheka, ananionyesha mlivyoandikiana. Binti mlafi, binti wa kununa, binti badala ya ng'ombe. Na mimi nacheka naye, maana ni mzee mwema, hana ubaya. Mtu anaanzaje kulia kwenye nyumba inayocheka?"

"Ulisema uko salama," nikamwambia. Nilisikia jinsi lilivyo neno dogo.

"Ningesema nini, mama? Mlikuwa mnafurahi." Alimgeukia baba yake, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Mara moja tu katika maisha yangu ya kule mliandika kwamba afya yangu imedhoofika, mkaomba nirudi. Nikaushika ule ujumbe kama rozari. Kumbe hata huo hamkuuandika ninyi."

Deusdedit aliweka simu magotini. Katika simu yake Mzee Anselme alikuwa bado anatuma, ujumbe juu ya ujumbe, anatusherehekea.

Mimi nilikuwa nimemshuku kila mtu. Nilimshuku mkwe, mkwilima wangu Lazare, mwanangu wa kiume, mashine, mitandao, hata mke wa pili ambaye hakuwepo. Neno moja sikulishuku hata siku moja, lile la "niko salama, mama," kwa sababu ndilo nililotaka kulisikia. Nilimwendea mwanangu nikaiokota ile pasi miguuni pake. Niliiweka kabatini, juu kabisa, pamoja na sahani zangu za wageni.

"Baba Asteria," nikasema. "Mwandikie mkwe wako. Mwambie binti anabaki kwetu mpaka atakapotaka mwenyewe, na Lazare akitaka kuongea aje kwa miguu yake."

Aliinua simu polepole. Denis akasogea, akauliza kwa sauti ndogo kama afungue ile akili mnemba.

"Hapana," nikamwambia. "Baba yako aandike mwenyewe, akosee herufi zote anazotaka kukosea. Ila tusi asiweke hata moja."